Tupewe kona ya habari ndogo za vuli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nitoe ombi ambalo nimekaa nalo moyoni kwa misimu kadhaa. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Tanga, na gazeti lako nimelisoma tangu siku zile lilipokuwa likitufikia alasiri kwa basi la kutoka Dar es Salaam, habari zake zikiwa zimekwisha kutangazwa redioni, nasi tukilisoma vilevile mpaka matangazo ya vifo.

Kila mwaka, kabla mvua hazijaanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa vuli kwa mikoa yenye misimu miwili ya mvua, yaani sisi wa pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, wenzetu wa nyanda za juu kaskazini mashariki, na wale wanaoishi kulizunguka Ziwa Victoria. Gazeti huuchapa utabiri huo, na hufanya vyema. Tunasoma kwamba mvua zitakuwa za wastani hadi chini ya wastani, au za wastani hadi juu ya wastani, wakulima tunashauriwa kuhusu mbegu, na halmashauri zinakumbushwa kuzibua mitaro. Baada ya hapo vuli hutoweka kurasani, na hairudi mpaka ilete msiba. Ilirudi hivyo mwaka 1997 kwa mvua za El Nino, ikarudi mwaka 2019, ikarudi mwaka 2022 kwa sura ya ukame, Dar es Salaam ikapata maji kwa mgawo kwa sababu Mto Ruvu ulikuwa umepungua, na ikarudi Desemba 2023 kwa yale maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, ambayo hatutayasahau. Habari hizo zilistahili kila ukurasa zilizopewa, na siombi hata mstari mmoja wake upunguzwe.

Ombi langu linahusu siku zilizo katikati. Kati ya utabiri na msiba kuna wiki kumi na tatu hivi, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ambazo watu tunaziishi kila mwaka, na ndani yake hutokea mambo madogo ambayo mengi huonekana kwa siku chache tu kisha hayaonekani tena mpaka mwaka mwingine. Mambo hayo hayana pa kuandikwa. Naomba uyapatie kona.

Nilipata kuona haja hiyo kwa sababu ya swali la mjukuu wangu, anayesoma darasa la tano. Alikuwa amesoma kwamba mwaka una majira manne, na kwamba vuli ndiyo majira ambayo majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika. Akaniuliza, “Bibi, mbona mbuyu wa njia panda ulikuwa mkavu tangu Agosti, na sasa vuli imeingia ndiyo kwanza unatoa majani?” Swali hilo lilinigusa, kwa sababu nilifundisha miaka zaidi ya thelathini na sikumbuki kama niliwahi kulijibu darasani inavyotakiwa. Nilimweleza kwamba vuli ni neno letu tangu zamani, ni jina la mvua fupi na kipindi chake, na kwamba watafsiri waliliazima kwa ajili ya majira ya nchi za kaskazini kwa kuwa miezi inakaribiana. Kule, siku zinapofupika na baridi inapoingia, mti huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, ikaonekana manjano iliyokuwamo ndani ya jani hilo muda wote, kisha jani likaanguka. Jua linalowaondokea wao ndilo linalotujia sisi utosini, na mbuyu unaota majani kwa sababu hiyohiyo inayofanya miti yao iyaache.

Kwa kuwa mtoto hapaswi kuamini jambo kwa sababu tu bibi yake amelisema, tulilipima uani. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hukatiza ikweta kuelekea kusini tarehe 22 au 23 Septemba, na hutufikia juu ya vichwa vyetu karibu na tarehe 6 Oktoba. Siku hiyo tulisimamisha mpini wa fagio mahali palipo sawa, tukaulinganisha na uzi uliofungwa jiwe ili usiegemee upande wowote, tukakaa barazani kusubiri. Saa sita kamili bado palikuwa na kivuli kifupi kama kidole upande wa magharibi. Kikazidi kufupika polepole, na ilipofika saa sita na dakika kumi hivi hapakuwa na kivuli tena, si mashariki wala magharibi. Mpini ulisimama juani kama kitu kilichochorwa. Mtoto alijitazama miguuni, akakuta amekikanyaga kivuli chake chote. Alikwenda kuwaita wenzake wa nyumba ya jirani, na walipofika kivuli kilikuwa kimeanza kuchungulia upande wa pili. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaweza kuliona jambo hilo karibu na tarehe 10 au 11 Oktoba, na wa Mtwara karibu na tarehe 20. Halihitaji kifaa wala fedha, na sijawahi kuliona limetajwa gazetini hata kwa sentensi moja.

Ukanda wa mvua hulifuata jua hilo kwa nyuma. Kusi hulegea, na wavuvi wa Sahare huanza kuzungumza habari za bahari kutulia, na kabla kaskazi halijashika vizuri huwa tuna siku za joto zito ambazo kila mtu hutazama juu. Kisha usiku mmoja hunyesha. Kila mtu anaijua harufu ya udongo uliokaa mkavu miezi mitatu ukapata mvua ya kwanza, lakini si wengi walioambiwa inatoka wapi. Sehemu yake kubwa hutengenezwa na bakteria waishio ardhini, na tone la mvua linapopiga vumbi hufungia ndani yake vipovu vya hewa ambavyo hupanda na kupasuka, vikarusha harufu hiyo hewani. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Ndiyo maana mtu aliye ndani, madirisha yamefungwa, husema mvua imenyesha mahali kabla hajasikia tone juu ya bati.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye jambo moja, kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nyuma ya nyumba yangu kuna shimo la zamani lililochimbwa udongo wa matofali, nalo hujaa maji kila vuli. Juu yake umeinama mpera. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa niliona kwenye tawi la mpera huo kitu cheupe, kikubwa kama ngumi mbili, kinachoning'inia juu ya maji. Nilidhani ni povu la sabuni, kwamba kuna mtu amefua hapo na kumwaga maji ovyo, nikachukua fimbo nilibandue. Nilipokaribia nikaona kwamba pembeni mwa povu, kwenye gome, wamebanana vyura watatu wa rangi ya kijivu, wamekunja miguu na kutulia kimya kama vipande vya gome lenyewe. Nikairudisha fimbo.

Wengi wetu wa pwani tumewaona vyura hao wakiwa wamejibandika ukutani au juu ya dirisha mchana wa jua kali, wamegeuka weupe kama chokaa, bila kujua kazi yao ya usiku. Jike huchagua tawi lililo juu ya dimbwi, hutoa ute, na hupigapiga ute huo kwa miguu ya nyuma kama mpishi anavyopiga mayai, mpaka ukawa povu, huku madume zaidi ya mmoja wakishiriki. Mayai hukaa ndani ya povu. Jike akiishiwa maji mwilini hushuka dimbwini kujinywesha, kisha hupanda tena kuendelea na kazi. Kufika asubuhi ganda la nje limekauka likawa gumu kidogo, na ndani bado mna unyevu, kwa hiyo jua haliyafikii mayai, wala samaki na wadudu wa majini hawayapati. Baada ya siku nne hadi sita sehemu ya chini ya povu hulainika, na viluwiluwi hudondoka majini mmoja mmoja.

Nilipata kuyajua hayo nikiwa mtu mzima, baada ya kuishi karibu na vyura hao maisha yangu yote. Nimewauliza majirani watano wenye umri kama wangu, na wanne kati yao walidhani kama mimi, kwamba povu lile ni sabuni au ni mate ya nyoka. Huyo wa tano alikwisha kuwaona vyura wakilitengeneza, miaka mingi iliyopita, akiwa mlinzi wa usiku shambani, na akaniambia hakuwahi kumsimulia mtu kwa sababu hakujua ni nani angetaka kusikia. Mhariri, maneno hayo ya mzee yule ndiyo ombi langu kwa ufupi. Katika nchi hii kuna walinzi wa usiku, wachuuzi wa alfajiri, wavuvi, madereva wa magari ya mizigo na kina mama wanaoamka kukinga maji, ambao huona mambo haya kabla ya sisi wengine wote, na hawana pa kuyapeleka.

Kumbikumbi ninawataja bila kueleza sana kwa kuwa kila nyumba inawajua. Jioni baada ya mvua nzuri, upepo ukiwa umetulia, hutoka kichuguuni kwa maelfu na kuja kwenye taa, nasi huweka beseni la maji chini yake, na kesho yake hukaangwa kwa chumvi bila mafuta, maana wao wenyewe wana mafuta ya kutosha. Ninaloomba msomaji alitazame ni lile linalotokea baadaye, wakati taa imezimwa na watoto wamelala. Wale waliosalimika hushuka chini, hutikisa mwili, na yale mabawa manne huachia mahali pake pa kuvunjikia kana kwamba yalitengenezwa yavaliwe kwa saa moja tu. Kisha jike hutembea na dume humfuata nyuma, kichwa kikigusa mkia, wakizunguka ua mzima kutafuta mahali pa kuchimba. Walio wengi huliwa na vyura, mijusi, sisimizi wakali na kuku wa alfajiri. Wawili wakifanikiwa kujichimbia, hujifungia humo na kuanza kichuguu kipya, na jike huyo ndiye atakuwa malkia wake kwa miaka mingi. Katika vichuguu vya aina fulani mchwa hulima ukungu wao ndani kwa ajili ya chakula, na ni kutoka kwenye ukungu huo ule uyoga mkubwa wa mvua za kwanza huchipuka juu ya kichuguu, ambao wanaoujua huuwahi mapema. Asiyeujua na aulize kwanza, kwa sababu upo uyoga unaoua.

Mbayuwayu nao wapo. Wale wenye koo la rangi ya kutu na mkia wa panda ndefu, wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kama herufi kwenye mstari, hawatagi huku kwetu. Walizaliwa Ulaya na Asia, kwenye mazizi na chini ya mapaa ya nyumba za watu, na waliondoka kule wadudu walipoanza kupungua kwa baridi, majani yakiwa yanageuka manjano. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi amevuka majangwa na bahari ili adake wadudu wa mvua zetu, na ikifika Aprili atakuwa amekwisha kuondoka. Mjukuu wangu alipoambiwa hivyo alinyamaza, kisha akauliza kama ndege hao wanajua vuli zote mbili. Nilimjibu kwamba pengine wao ndio pekee wanaozijua zote mbili kila mwaka, na sikuona haya kwamba hilo ndilo jibu zuri kuliko yote niliyopata kumpa mwanafunzi.

Yapo mengine ambayo ningeweza kuyaandikia ukurasa mzima. Kuna kidudu chekundu kama kipande cha mahameli, kisichozidi punje ya mahindi, ambacho hutembea mchangani asubuhi baada ya mvua na kutoweka siku chache baadaye. Kuna ua jekundu la mviringo linalochomoza kwenye ardhi tupu, bila jani. Kuna mkakaya, ambao wengine huuita mti wa Krismasi, asili yake Madagaska, unaowaka mwekundu kuanzia Novemba. Kuna mchicha na mnavu zinazoota zenyewe nyuma ya jiko bila kupandwa na mtu. Embe halihitaji kutetewa nami, ila nitasema kwamba embe bichi la kwanza, lililokatwa vipande na kutiwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule, lina ladha ambayo dodo lililoiva halina.

Na mbuyu, Mhariri. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jua linapozama, na hufunguka upesi kiasi kwamba mtu akisimama chini yake na subira kidogo atayaona makoti ya kijani ya tumba yakipasuka na petali nyeupe zikijikunjua mbele ya macho yake. Popo huja usiku kunywa mbochi wake mtamu na kuchukua chavua. Kesho yake ua limekwisha kunyauka, na baada ya muda mfupi liko chini limegeuka hudhurungi, watu wakilikanyaga kwenda kituoni. Tuna mibuyu barabarani, sokoni na makaburini, tunapita chini yake kila jioni ya vuli, na nathubutu kusema kwamba kati ya wapita njia mia moja hakuna hata watano waliowahi kusimama kulitazama ua likifunguka.

Siombi jambo lisilowezekana. Huko Japani, kila vuli yao inapofika, vyombo vya habari hutangaza utabiri wa siku ambazo majani yatakuwa mekundu katika kila eneo, na watu hupanga safari kwa kuufuata. Sisi hatuhitaji utabiri wa namna hiyo. Inatosha nafasi ndogo, tuseme kila Jumamosi kuanzia wiki ya kwanza ya Oktoba hadi mwisho wa Desemba, ambamo wasomaji wataleta sentensi mbili au tatu, wakitaja mahali na tarehe, bila kupambwa. Mtu wa Bukoba aseme senene wa kwanza wameonekana usiku gani kwenye taa za barabarani, maana magazeti hutuambia bei yao tu. Wa Arusha aseme mijakaranda imeanza kuchanua lini, wa Pemba aseme karafuu zimeanikwa kwenye majamvi njia ipi na harufu yake imefika wapi. Wanafunzi waandike pia, na nawasihi walimu wenzangu walioko kazini wawape kazi hiyo badala ya insha ya kila mwaka ya likizo yangu ilivyokuwa.

Ninaona faida yake hata kwa mambo mazito. Kila mtu sasa anasema kwamba mvua zimebadilika, na vipimo vya kitaalamu vipo kwa ajili ya milimita. Lakini siku mbayuwayu walipofika Tanga, siku mbuyu ulipotoa majani, siku kumbikumbi wa kwanza walipoingia barazani, hizo zimeandikwa na nani? Kona hiyo ikidumu miaka kumi, mtoto aliye darasa la tano leo ataweza, akiwa mtu mzima, kufungua magazeti ya zamani maktabani na kulinganisha tarehe kwa tarehe, jambo ambalo mimi siwezi kulifanya kwa miaka ya utoto wangu isipokuwa kwa kubahatisha.

Kwa kuwa si vizuri kuomba shamba bila kuja na jembe, naambatanisha habari yangu ya kwanza, na naiacha mikononi mwako uichape au usiichape. Tanga mjini, tarehe 27 Oktoba, saa kumi na mbili na robo asubuhi: povu la vyura lililokuwa kwenye tawi la mpera, siku ya tano tangu litengenezwe, limeanza kulowana upande wa chini. Tumehesabu viluwiluwi kumi na saba wakidondoka kabla ya mtoto kwenda shule, na alipofika langoni alirudi mbio kuangalia wa kumi na nane.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Tanga.